Mama, Yule Mzee Alirudi Hakumbuki Kitu

Mpendwa Mama,

Wameirudisha. Ile hadithi yetu ya msichana wa sayari nyingine, aliyeamka hospitalini hajui hata jina lake, wameanza kuionyesha upya kwenye TV Jumapili alasiri baada ya watu kutoka kanisani. Nilikuwa na sinia ya mchele mapajani natoa mawe, nikasikia ule muziki wa mwanzo, na kabla sijajizuia nikageukia kiti chako nikaita, "Mama, njoo, imeanza!" Kiti kimejaa nguo zinazongoja pasi. Nimekaa nalo wiki nzima, sasa nimeamua kukuandikia. Kuna jina ulilonipa nimwite mtoto wangu, na miaka yote uliyokuwa hai sikulitamka hata mara moja. Ulilijua hilo na hukunigombeza.

Hawa wengine watakaosoma hawakukujua, kwa hivyo vumilia nikiwaeleza. Ulikuwa mama mkwe wangu, Mkipsigis wa Silibwet, mwenye shamba dogo la chai na maoni kuhusu kila kitu. Mimi ni Nekesa, Mluhya, mtoto wa laini. Nimezaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai kule Kericho, ambako wazazi wangu walikuja kuchuma majani kabla sijazaliwa. Mwanao Weldon alikuwa dereva wa lori la majani, akanitoa huko akanileta kwako. Wewe Kibukusu cha kwetu hukujua, mimi Kipsigis changu kilikuwa cha kusalimia tu. Tukakutana kwenye Kiswahili, wewe ukikivunja kama kuni na mimi nikikirusha cha laini, na tukaelewana kuliko watu wengi wenye lugha moja.

Lakini kulikuwa na Mzee.

Mzee Kimutai, mume wako, hakuwahi kunitukana, na hilo ninamkubalia. Kila asubuhi nilimpelekea chai pale kwenye benchi nje ya jiko. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaiweka kando, akaingoja mpaka ipoe na maziwa yatande ngozi juu. Kisha aliimwaga kwenye nyasi, polepole, mimi nikiona. Halafu akakuita wewe umletee nyingine. Miaka miwili, Mama, bila kukosa hata Krismasi. Alikuwa amesema kabla ya arusi kwamba mtoto wa laini hatamnywesha chai kwenye boma lake, na yule mzee hakuwa mtu wa kurudisha neno. Weldon alinieleza kuwa ni mambo ya zamani, ya mashamba na ya kura, ya ile miaka watu walipofukuzana, na kwamba si mimi anayenikataa. Si mimi? Na chai iliyomwagwa ilikuwa ya nani?

Akafa bila kuonja kikombe changu hata kimoja. Siku ya mazishi nilipika chai sufuria baada ya sufuria, watu wakanywa wakasifu. Nililia jikoni, ukadhani ni huzuni, ukaja ukanishika bega. Haikuwa huzuni, Mama. Ilikuwa hasira, na sasa unajua.

Mwaka uliofuata nikashika mimba. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka, kwa hivyo daktari alinikataza kuinama shambani na kubeba kikapu. Ulilichukua neno lake ukaliongeza chumvi. "Taktari amesema usishike kitu," uliniambia, na wewe ndiye uliyeamua kwamba kitu ni pamoja na ufagio. Ulitoka asubuhi na kikapu chako, ukachuma, ukapeleka majani kituoni yapimwe, ukarudi na matope hadi magotini. Saa moja jioni ulikuwa umeshanawa na kukaa kwenye kiti chako, ukinisukuma kwa kiwiko. "Haya, niambie. Hii ya mtu amesahau."

Wacha niseme ukweli, mwanzoni nilikutafsiria ili tu usinisumbue. Ile hadithi ilikuwa ya Kiingereza tupu, na Kiingereza cha watu wa angani. Msichana anaamka kwenye hospitali ya vioo, huko kwenye sayari ambako majua ni mawili. Hajui jina lake. Anakumbuka vipande tu: mlango mwekundu, mtu anayecheka, harufu ya mvua. Kila wiki anapata kipande kingine. Ulimbatiza Cheptoo, jina la msichana aliyezaliwa wageni wakiwa nyumbani, ukasema mtu hawezi kukaa wiki nzima bila jina. Baada ya hapo jina walilompa wenye hadithi lilipotea kabisa. Mpaka leo silikumbuki.

Na ulikuwa mtazamaji mgumu! Mashine zinazoruka hazikukushangaza. Majua mawili uliyakubali bila swali, ukauliza tu kama majani ya huko yanamea haraka. Kilichokuudhi ni watu. "Huyu daktari ya vioo hana mama?" "Mbona Cheptoo anakula peke yake?" Yule mtu anayecheka alipotokea na kujidai ni mume wake, ulimwangalia macho, ukasema, "Huyu mwongo. Mtu ameoa mtu hawezi kaa mbali hivyo." Ikawa kweli, alikuwa mwongo. Nilianza kukuuliza wewe mambo ya mbele badala ya kungoja wiki ijayo.

Mimi nilimpenda yule msichana vibaya sana. Nilikuwa nimelala kwenye kochi na tumbo langu, nikihesabu kila teke, nikiogopa kila maumivu. Nilijiambia kwamba akikumbuka yote na kurudi kwenye ule mlango mwekundu, hata mimi mambo yangu yataisha vizuri. Upuuzi, najua. Mwanamke mwenye mimba huweka ahadi na vitu vya ajabu.

Basi wakaleta ile siku ya mwisho. Tulipika mapema. Weldon mwenyewe aliegesha lori akaja. Na wale watu wakatuambia nini? Kwamba Cheptoo si mtu! Kwamba yule msichana wa kweli alikuwa amekufa tangu siku ya kwanza, na huyu ni nakala iliyotengenezwa, na zile kumbukumbu zote aliwekewa. Mlango mwekundu haukuwa wake. Mvua haikuwa yake. Wakazima taa za ile hospitali, wakaandika majina yao wenyewe kwa herufi ndefu, hadithi kwisha.

Haki nilirusha kandambili. Nililia, nikasema wametuibia miezi yote ile. Watu wakikosa njia ya kumaliza, wanafuta tu kila kitu walichokuonyesha na kukucheka kwamba uliamini. Weldon alisema, "Si ni TV tu," na nilimwangalia hivi kwamba alienda kulala.

Wewe ukasonya. "Hii watu wameandika hii kitu hawana kogo," ulisema. Kogo ni nyanya, kwa lugha yenu. "Msichana amekufa, amerudi. Hajakumbuka. Sawa, nani anakumbuka? Ata mimi nilirudi sikukumbuka. Lakini wamemwacha kwa kitanda, hakuna mtu ata moja amemwita. Si ungemwita! Ungetaja majina ya watu yao, moja moja, mpaka aitike."

Nikacheka huku kamasi zikinitoka. Nilidhani unanituliza. Kumbe ulikuwa unanieleza kitu kilichokuwa kinakuja.

Mtoto akaja salama, mvulana, jioni wakati mbuzi wanarudi, kwa hivyo akawa Kiprono. Mimi nilikuwa nimeshachagua Brian. Nilijua bado kuna jina la tatu, lile mnaloliita kurenet, la kumtafuta mzee aliyerudi ndani ya mtoto. Sikuwa na neno nalo. Kwetu pia mtu aliyekufa huja kuomba jina, ila huja kwa ndoto. Nikakaa kitandani, mkaja wanawake wanne wa ukoo asubuhi na mapema, mkamshika mtoto wangu na ugoro kidogo kidoleni, ndiyo desturi, mkaanza kuwaita waliokwenda. Mtoto akipiga chafya kwa jina la nani, ni huyo aliyerudi.

Mliita babu yake Weldon. Kimya. Mkamwita ndugu yake yule babu aliyekufa vitani. Kimya, mtoto anapiga miayo. Mkamwita mwingine na mwingine, na mimi nimeanza kusinzia. Kisha zamu ikawa yako, ukamwinamia, ukasema polepole, "Kimutai?"

Akapiga chafya mbili.

Wanawake wakapiga vigelegele, Mama, na mimi nilihisi hasa nilivyohisi siku ya mwisho ya ile hadithi. Nilikuwa nimebeba mtoto wangu miezi tisa bila hata kushika ufagio, nimempenda kipande kwa kipande, na sasa dakika ya mwisho naambiwa si yeye. Ni yule mzee. Yule aliyenimwagia chai yangu kwenye nyasi amekuja kulala mikononi mwangu na anataka kunyonya.

Na nilikuona. Wengine wote kidole chao kilikuwa mbali na pua ya mtoto. Chako kilikuwa juu yake kabisa.

Nilingoja wageni waondoke. Nikakwambia moja kwa moja, kwa sababu wewe na mimi hatukuwa watu wa kuzunguka. "Mama, ulimtilia ugoro. Ulitaka awe yeye." Nilitaka ukane nipate kukukasirikia vizuri. Hukukana. Ulikuwa unakunja nepi za mtoto, ukaendelea kukunja.

"Nilitaka," ulisema. "Wewe ulijua yeye miaka mbili, ile mbaya. Mimi nilijua yeye arobaini. Ulitaka nimwache uko nje, nisimwite?"

Nikasema tu kwamba alinichukia.

"Alikuchukia," ulikubali. Ulikuwa mtu wa pekee kwenye boma lile aliyewahi kulitamka neno hilo, na nilishtuka jinsi lilivyonipoza. "Nilimwambia kila siku, akakataa kusikia. Sasa amerudi. Angalia yeye. Hakumbuki kitu. Hakumbuki kura, hakumbuki laini, hakumbuki wewe ni nani. Kwa hivyo wewe ndiye utamwambia."

Ukaniachia nepi na ukaenda kuchuma majani.

Nilikasirika, usidhani nilielewa siku hiyo. Nilikasirika mwezi mzima. Nilimwosha matako yule mzee nikimwambia moyoni, haya sasa, sema kama mtoto wa laini hafai. Nilimnyonyesha nikimwangalia macho nione kama kuna dharau. Yeye alikuwa amenishika kidole changu kizima kwa ngumi yake, ananyonya na kutoa jasho puani, na mara moja moja anasahau kunyonya kwa sababu ananitazama. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile, Mama, si mama yangu, si Weldon. Hasira ikikutana na kitu kama hicho haina pa kukaa.

Lakini jina lilinishinda. Kumpenda nilimpenda, nikamwita Brian, nikahakikisha Weldon anamwita Brian, kanisani Brian, kliniki Brian. Wewe peke yako ndiye uliyemwita Kimutai. Ulimwita ukiwa mlimani kwenye chai na yeye yuko uani, ikafika sauti mpaka kwa majirani. Alipojifunza kutembea alikuwa akisikia "Kimutai!" anaacha chochote alichoshika, hata kama ni chakula, anaondoka mbio na tumbo mbele. Nikimwita mimi ilikuwa mpaka mara ya tatu. Mlikuwa na mazungumzo yenu pale jikoni, ukimwambia mambo ambayo mke humwambia mume. Kwamba ile mti ya kwa mpaka imeanguka. Kwamba ng'ombe mwekundu alizaa. Siku moja nilikusikia ukimwambia, "Na huyu msichana amenitunza vizuri, unaona?" Nilisimama nje ya mlango na ndoo ya maji, nikashindwa kuingia.

Ungeniambia basi! Ungesema hata mara moja, "Nekesa, mwite mtoto jina lake." Ningekataa, tungegombana, ningekubali. Ulingoja tu. Nikadhani muda upo.

Mwezi wa baridi ulilala alasiri, ukasema kifua kinakubana kidogo, na Weldon alipokuja na gari ulikuwa umeshaenda. Akili yako ilikuwa safi hadi dakika ya mwisho. Uliniuliza kama nimefunika unga. Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu, Mama, unga, na nimelitunza kama wengine wanavyotunza baraka.

Tulikuzika karibu na Mzee. Nikamwinua mtoto aone, akasema, "Kogo atatoka saa ngapi?" Alikuwa na miaka mitatu na kitu. Kila mtu alinifariji kwa maneno yale yale, kwamba yeye bado mdogo, atasahau. Walisema kwa wema, lakini kila waliposema nilitaka kuwafukuza. Kwa sababu ni kweli. Ameanza kusahau. Mwezi wa kwanza alikuwa anakutafuta kwenye chai, mstari kwa mstari. Kisha akaacha. Juzi nimemwonyesha picha yako uliyopigwa kwenye arusi ya binamu, akasema ni mwalimu wake. Nilienda nyuma ya nyumba nikajikalia kwenye jiwe. Wewe ulisema nani anakumbuka, kana kwamba ni jambo dogo. Si dogo, Mama. Linauma, na nakuambia bila kukuficha.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumapili, ndicho kimenifanya nishike kalamu.

Tuko wawili. Weldon yuko safari. Mtoto amekaa mkekani na gari lake la maboksi, nadhani haangalii. Kwenye TV Cheptoo ndiyo kwanza ameamka, na yule daktari wa vioo anamuuliza jina lake, na yeye anafungua mdomo, hakuna kitu. Unaijua ile sehemu, ulikuwa unampigia kelele kupitia kioo.

Mtoto akauliza, "Mama, amesema nini?"

Nikamtafsiria, kama zamani. Nikamwambia huyu dada amesahau jina lake.

Akafikiri. Akaendesha gari lake kidogo. Kisha akaniuliza, wala si kwa huzuni, kama anayeuliza kikombe chake kiko wapi: "Na jina yangu ingine, Kogo alienda nayo?"

Nikamuuliza jina gani. Nilijua jina gani.

"Ile alikuwa ananiita," akasema. Alikunja uso akitafuta, akatikisa kichwa. "Siijui sasa. Nilikuwa naijua."

Mama, sinia ilinitoka, mchele ukamwagika sakafuni wote. Nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyekufa kwa miaka sita. Nilikuwa nimesema moyoni kwamba nanyamaza kwa ajili ya heshima yangu, kwa ajili ya kila kikombe. Na wakati nikinyamaza, mtoto wangu amelazwa kwenye kile kitanda cha vioo, anafungua mdomo kutafuta jina lake, na katika boma lote ni mimi peke yangu ninayeweza kumwita, na simwiti.

Nikasema, "Kimutai."

Sauti haikuwa nzuri. Ilitoka kama ya mtu mwenye homa.

Akainua kichwa. "Eeh?" akasema, kama wewe ulivyomzoesha kuitikia. Kisha uso wote ukafunguka, akasema, "Ndiyo hiyo! Niite tena." Nikamwita tena. Akaniambia nitoke nje nimwite kutoka mbali, kama Kogo. Basi nikatoka, Mama, na nguo zangu za kanisani, nikapanda mpaka katikati ya chai yako, nikamwita kwa sauti yangu yote, na majirani wakachungulia, na yeye akaja mbio mlimani, ameanguka mara mbili na kuinuka, akilia kwa kicheko, mpaka akanigonga magotini.

Lala vizuri. Nimefunika unga.

Mke wa mwanao,
Mama Kimutai